Leza na Makaa ya Mawe



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kupima makaa ya mawe. Nitakuwa mfupi, maana najua chakula kiko tayari.

Makaa ya mawe hayafanani. Hata katika machimbo mamoja, yawe ya Kiwira au ya Ngaka, tabaka moja huwaka vizuri na jingine limejaa udongo. Mwenye kiwanda ananunua joto, hanunui udongo. Kwa hiyo fungu la muuzaji limo mikononi mwa mpimaji.

Njia tuliyoizoea ni ya tanuri. Tunakausha makaa, tunayasaga, tunachukua gramu 1 na kuichoma hadi digrii 815 za Selsiasi, kisha tunapima majivu yaliyobaki. Njia hii inaaminika, lakini huchukua saa nyingi. Mara nyingi majibu hufika wakati shehena yenyewe imekwisha chomwa.

Leza hupita njia nyingine. Mwaka 1860, huko Ujerumani, Kirchhoff na Bunsen walieleza kwamba kila elementi ikipashwa moto sana hutoa rangi zake yenyewe. Miaka 100 baadaye, Mmarekani Theodore Maiman alitengeneza leza ya kwanza. Siku hizi mambo hayo mawili yameunganishwa. Mwali wa leza, wa muda mfupi mno, hupiga makaa. Nukta ndogo hugeuka mvuke wa digrii zaidi ya 10,000, nao hung'aa. Spektrometa huuchambua mwanga huo: kaboni huonekana kwenye nanomita 247.9, silikoni 288.2, alumini 396.2. Silikoni na alumini zikiwa nyingi, majivu nayo yatakuwa mengi. Jibu hupatikana kwa dakika chache, makaa yakiwa bado yanapita kwenye mkanda.

Lakini, ndugu zangu, leza haijui majivu mpaka ifundishwe, na hufundishwa kwa makaa yaliyokwisha pimwa kwa tanuri. Mafunzo ya mgodi mmoja hayatoshi kwa mgodi mwingine. Salfa nayo huonekana kwa shida hewani. Tena, nukta moja haiwezi kuliwakilisha lori la tani 30. Ni lazima kupiga mara nyingi, mahali pengi. Mtu akichagua mabonge mazuri ya juu ya lori, leza itasema kweli juu ya mabonge hayo, na mnunuzi atadhulumiwa. Akichagua mabaya, atadhulumiwa mchimbaji.

Basi ombi langu kwa wenzangu mlio wakuu wa viwanda na migodi ni hili: mkinunua leza, tanuri msilitupe. Na yule kijana mwenye koleo, anayechukua sampuli, afundishwe vizuri na alipwe vizuri. Haki ya pande zote mbili huanzia kwake.