Redio Katika Motokaa ya Kale



Zipo motokaa katika Kenya ambazo zilinunuliwa na babu, zikaendeshwa na baba, na sasa zimo mikononi mwa mjukuu. Miongoni mwazo ni Morris Minor, motokaa ndogo ya Kiingereza iliyoanza kuundwa mwaka 1948 huko Cowley, katika mji wa Oxford, na ikaendelea kuundwa hata mwaka 1971. Mjukuu aipendaye huipaka rangi upya, huvishona viti vyake, na mwisho hutamani kitu ambacho babu mara nyingi hakukipata, nacho ni redio.

Tamaa hiyo haikuanza leo. Mwaka 1930 Bwana Paul Galvin wa Chicago alifunga redio katika Studebaker yake, akaiendesha mpaka Atlantic City ili kuwaonyesha wafanya biashara ya redio. Na jina la Motorola lilitokana na shughuli hiyo. Redio za siku zile zilikuwa na vali, yaani vitaa vya kioo, nazo zilikuwa nzito na zenye kula umeme mwingi. Transista zilipokuja katika miaka ya 1950 kazi ilipungua uzito, na leo redio ya garini huweza kuchukuliwa kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo mtu hudhani kwamba kuifunga ni jambo la saa moja. Katika gari la siku hizi ni kweli. Lakini katika Morris Minor limo jambo ambalo likisahauliwa huunguza redio, na pengine huunguza gari lenyewe.

Kila betri ina vichwa viwili, kimoja cha chanya, chenye alama ya +, na kingine cha hasi, chenye alama ya −. Kichwa kimojawapo hufungwa kwenye bodi, na chuma chote cha gari huwa njia ya kurudishia umeme. Magari ya leo hufunga hasi. Morris Minor ilitoka kiwandani ikiwa imefunga chanya, kama zilivyokuwa Land Rover za miaka ya 1950. Redio zinazouzwa madukani zimeundwa kwa ajili ya magari ya leo, na kasha lao la chuma limeunganishwa na hasi.

Basi fundi asiyetazama betri hufunga waya mwekundu kwenye umeme na mweusi kwenye bodi, kama alivyozoea. Umeme huingia redioni kinyume. Akiwa na bahati, fyuzi hukatika; asipokuwa nayo, redio hufa hapo hapo.

Fundi mwerevu zaidi hugeuza nyaya: mwekundu kwenye bodi, mweusi kwenye umeme. Redio huimba, na kila mtu hufurahi. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu kasha sasa lina umeme wa betri, na likigusa chuma cha dashibodi umeme wote hupita kwa nguvu katika waya mweusi. Fyuzi ya redio imekaa katika waya mwekundu, haiwezi kusaidia. Waya huwa mwekundu kwa moto, mpira wake huyeyuka, na nyaya za jirani hushika. Wengine hulizungushia kasha mpira wakidhani wamemaliza, wakausahau waya wa antena. Waya huo una wavu wa shaba unaouzunguka, uliounganishwa na kasha upande mmoja na bodi ya gari upande wa pili. Siku antena inapochomekwa, mpira wote ule ni kazi bure.

Dawa iliyo safi ni kuigeuza motokaa yenyewe ifunge hasi. Betri huzungushwa, na kwa kuwa kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, vibano vyake huenda vikahitaji kubadilishwa. Nyaya mbili nyembamba za koili hubadilishana mahali. Dinamo nayo hukumbuka upande wake wa zamani, hivyo yapasa ifundishwe: waya wa F huondolewa, kisha waya kutoka kichwa cha betri kisichofungwa kwenye bodi huguswa kwenye F kwa nukta moja, mara mbili tatu, mpaka cheche ndogo zionekane. Haya yote hufanywa kabla ya kuwasha injini. Halafu kibao kiandikwe na kubandikwa chini ya boneti, kwamba gari hili sasa limefunga hasi, kwa maana fundi atakayekuja baada ya miaka kumi hatajua.

Mwenye kutaka kila kitu kibaki kama zamani aweza kutafuta redio ya miaka ile; nyingi za Uingereza zilikuwa na njia ya kuchagua chanya au hasi. Lakini hizo kwa kawaida hazina FM, ambayo ndiyo stesheni nyingi za Kenya hutumia, kati ya 88 na 108. (Redio iliyotolewa katika gari kuukuu la Kijapani yaweza kukomea 90, ni vema kuuliza kabla ya kulipa.) Spika kubwa za kutetemesha madirisha hazifai hapa. Dinamo ya Morris hutoa ampea ishirini hivi, na injini ikienda polepole kwenye msongamano hutoa karibu na sifuri.

Antena ni nusu ya redio. Kwa FM urefu wa sentimita 75 hutosha. Mahali pazuri ni juu ya madigadi, upande ulio mbali na koili na nyaya za plagi. Tundu likitobolewa halizibiki bila kuacha alama, kwa hiyo mwenye gari na apime mara mbili, na kwanza aangalie kama nafasi ipo chini kwa waya kupita. Rangi ya upande wa chini ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, antena ikazwe, kisha grisi ipakwe kuzuia kutu. Antena iliyokaa juu ya rangi tu hunasa kelele kuliko sauti.

Kelele zenyewe husema zinakotoka. Mlio unaopanda injini inapopandishwa mwendo ni wa dinamo. Kondensa ndogo hufungwa kwenye kichwa chake kikubwa, kamwe si kwenye F. Mipasuko ya haraka haraka ni ya plagi. Tiba yake ni plagi zenye kizuizi ndani, na kondensa nyingine kwenye koili, upande unaopokea umeme kutoka swichi, si upande uendao kwenye distribyuta. Na kelele ikibaki injini ikiwa imezimwa, basi haitoki garini. Gari lisogezwe mbali na nyaya za stima zilizo kando ya barabara, lisikilizwe tena.