SACCOS Yako Inasemewa na Nani?

Ndugu wakulima wa Mbeya na Iringa, leo tuzungumze juu ya ile ada ambayo chama chenu cha akiba na mikopo, yaani SACCOS, hulipa kwa chama kikuu, ikiwa kimejiunga. Wengi mkiiona kwenye taarifa ya hesabu mnanong'onezana, "Na hii ya nini tena?" Msinong'one, ulizeni kwa sauti.

Chama kikuu hicho ni SCCULT, kilichoandikishwa mwaka 1992. Wanachama wake ni SACCOS zenyewe. Usikichanganye na serikali. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ndiyo inayosimamia vyama, na chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ndiyo hutoa leseni kwa SACCOS, kwa madaraka iliyopewa na Benki Kuu. COASCO hukagua vitabu. Kazi ya SCCULT ni nyingine: kufundisha viongozi, na kuwasemea wanachama pale kanuni zinapotungwa. SACCOS moja ya Rungwe au Kilolo ikienda Dodoma kupiga hodi peke yake, nani ataisikia?

Je, lipo la kusemewa? Lipo. Mtu wa mshahara hukatwa deni kila mwisho wa mwezi, hana taabu. Lakini SACCOS ya wakulima ikiiga mtindo huo, hatari. Tuseme mkulima wa mahindi amekopa shilingi 600,000 mwezi Novemba, anunue mbolea kabla mvua haijashika. Aanze kurejesha Desemba? Atatoa wapi, na mahindi ndiyo kwanza yanaota! Januari atauza mbuzi. Machi atamwita mlanguzi aje anunue mahindi yakiwa bado mabichi shambani, kwa bei apendayo mlanguzi. Mwenzake wa chai kule Tukuyu au Mufindi, anayeuza majani mara kwa mara, huyo anaweza kulipa kidogo kidogo.

Sehemu ya dawa iko mikononi mwenu. Sera ya mikopo ya chama chenu hupitishwa na mkutano mkuu wenu. Pendekezeni mkulima wa mahindi alipe baada ya kuvuna na kuuza, si kabla. Lakini kanuni za jumla, kama vile jinsi ya kuhesabu mkopo uliochelewa, hazibadilishwi kijijini. Hapo ndipo chama kikuu kinapopaswa kusema, nacho hakiwezi kulisemea jambo ambalo hakijaambiwa.

Basi kwenye mkutano mkuu ujao muulizeni mwenyekiti: nani alituwakilisha kwenye mkutano wa chama kikuu? Alipeleka hoja gani? Alirudi na jibu gani? Akisema hakupeleka hoja, mpeni hii ya msimu wa mahindi, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Juma lijalo tutaongea juu ya dumuzi ghalani. Kwaherini.