Hotuba juu ya Kitanda cha Safari na Wenzake Wapya



Halmashauri imetutaka sisi wa ofisi ya Katibu tueleze habari za vile vitanda sita vilivyoandikwa katika hesabu za mwaka huu. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini chama cha kusaidiana kitumie fedha za ada kuunda vitanda vya mtindo wa kizamani, hali magodoro yamejaa soko la Kibuye. Swali hilo ni la haki.

Mwakumbuka mwaka 2020, ziwa lilipopanda hata likapita alama ya mwaka 1964, ambayo wazee wetu waliihesabu kuwa ndiyo kubwa kupita zote. Chama kilipeleka unga, sukari na mablanketi kwa waliohama. Tulipofika usiku katika darasa moja walimokimbilia, tuliwakuta watu wa miaka 80 wamelala juu ya sakafu ya saruji yenye unyevu, na godoro moja lililolowa limetupwa nje. Godoro likinywa maji halina kazi tena, na kitanda cha chuma hakipakiki katika mtumbwi. Ndipo mmoja wetu akakumbuka kitu kilichokuwa juu ya dari ya mzee mmoja, mwanachama wetu.

Kikiwa kimekunjwa, kitu hicho ni mfuko wa turubai wa kijani, urefu wake futi tatu na kidogo. Kikifunguliwa huwa kitanda kamili. Mifumbati yake miwili imekatwa katikati na kuungwa kwa bawaba. Matendegu ni jozi tatu, kila jozi imepishana kama mkasi na kushikwa kwa ribiti moja, na vitakizo viwili huvuta turubai likakaza. Vitanda vya namna hii viliundwa Ulaya kwa ajili ya askari na wasafiri. Baada ya reli kufika Port Florence, yaani Kisumu yetu, mwaka 1901, maofisa wa serikali walivilalia walipozunguka wilayani. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kuwa ratili 60 hivi. Basi kitanda, chandarua na beseni vilipanda kichwani mwa mtu mmoja, naye jioni alitandika majani akalala chini. Katika vita vya 1914 hadi 1918 vijana wengi wa Nyanza walichukuliwa kubeba mizigo hata nchi ya Wajerumani, na wengi hawakurudi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepewa jina la kikosi hicho cha wapagazi.

Baba wa mzee wetu alikuwa boi wa hema wa ofisa mmoja. Ofisa huyo alipoondoka mwaka 1963 alimwachia kitanda badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Mwenyewe alikiita zawadi. Nyumbani walikiita deni. Hakuna mtu wa boma lile aliyekilalia.

Mwaka huu mfanyabiashara wa vitu vya kale alitaka kukinunua kwa bei nzuri, akipambe hoteli. Katika Halmashauri wengine walisema kiuzwe, tununue blanketi. Mzee aliwasikiliza wote, kisha akasema kitapimwa kwanza, ndipo tuzungumze habari ya kuuza. Hayo mazungumzo mengine bado hatujayafikia.

Tulimpelekea fundi wa jua kali, seremala hodari. Alichagua mti wa siala, kwa kuwa ni wa kwetu na mchwa hawaupendi. Kitanda cha kwanza kilikuwa kizuri kwa macho. Mweka Hazina, ambaye uzito wake mwaujua, alikikalia, na tendegu la kati likapasuka pale penye ribiti. Fundi alikuwa ametoboa tundu pana mno, tena nyuzi za ubao zilikatiza upande badala ya kufuata urefu wa tendegu. Tulipolichunguza la zamani tuliona nyuzi zake zimenyooka toka juu hata chini, na kila upande wa ribiti pana washa ya shaba nyeupe kwa kutumika. Tangu hapo fundi huchagua ubao kwa kuutazama nyuzi zake.

Kosa la pili lilikuwa letu, kwa kuwa sisi ndio tulionunua turubai la pamba, tukalikata bila kulilowesha. Siku ya mvua lilisinyaa, na vitakizo vikakataa kuingia mahali pake. La tatu tulilipa nafasi mno: matendegu yakapanuka na kitanda kikashuka hata mgongo wa mlalaji ukagusa ardhi. Kumbe upana wa turubai ndio unaoamua matendegu yafunguke kiasi gani. Inchi mbili tu zatosha kuharibu kazi yote. Mwishowe tulilowesha turubai, tukalikausha mara mbili, kisha tukalipeleka Dunga kwa mshona matanga, akalishona kwa uzi wa nta. (Vijana walicheka kusikia matanga, kwa kuwa yako ya chombo na yako ya msiba. Vitanda hivi vitatumika huko pia, kwa wageni watokao mbali.)

Tulivijaribu majini. Vitano vilipakiwa pamoja na watu wanne katika mtumbwi mmoja, na hakuna aliyelalamika. Cha sita alikilalia mzee mwenyewe, nyumbani kwake, usiku mmoja. Asubuhi alituambia turubai lilegezwe kidogo upande wa kichwa, nasi tumelilegeza. Kile cha baba yake amekirudisha juu ya dari.

Vitanda vimo ghalani, na ufunguo uko kwa karani. Mwenye kuhitaji, kwa gharika au kwa msiba, ataandika jina lake kitabuni bila kulipa kitu. Twaomba tu turubai lirudi likiwa kavu, maana likikunjwa na maji huoza katika mikunjo, na pamba ya namna ile sasa hupatikana kwa shida.