Kuitia Taa Mpya katika Motokaa ya Zamani

Maneno yangu ya leo yahusu kazi ndogo inayowasumbua mafundi wengi, nayo ni kuitia taa mpya ya mbele katika motokaa ya zamani, hata ikae sawasawa mahali pake, isijitokeze wala isidumbukie. Mtu aweza kudhani ya kuwa jambo hili ni la uzuri tu. Sivyo. Taa iliyokaa upande hupeleka mwanga wake upande, na mwanga uliopotea njia humpofusha dereva anayekuja mbele yako usiku. Kwa hiyo kazi hii, ijapokuwa ni ndogo, maisha ya watu yamo ndani yake.

Na tutwae mfano mmoja. Motokaa ya mbio ya Kiingereza iitwayo MGB ilianza kuuzwa mwaka 1962, na iliundwa katika mji wa Abingdon hata mwaka 1980. Ziliundwa zaidi ya 500,000, na nyingi zingali zikienda barabarani hata leo, kwa kuwa wenyewe huzitunza kwa mapenzi. Taa zake za mbele ni za mviringo, na upana wake ni inchi 7, yaani kama milimita 178. Kipimo hicho si cha motokaa hiyo peke yake. Huko Marekani, taa za inchi 7 zilizofungwa kabisa, kioo na nyuzi zake vyote kitu kimoja, zilitumika tangu motokaa za mwaka 1940. Hata Land Rover nyingi za zamani, ambazo zimezoeleka sana katika nchi zetu, zilikuwa na taa za kipimo hicho hicho.

Basi kwa kuwa kipimo ni kimoja, mwenye motokaa hudhani ya kuwa kila taa ya inchi 7 itaingia bila taabu. Lakini upana sio kipimo pekee. Taa ina unene wa ukingo wake, tena ina urefu wa nyuma, na hayo hayaonekani kwa mtu aitazamaye kwa mbele.

Yatupasa kwanza kujua jinsi taa inavyokaa. Katika madigadi mna bakuli. Ndani ya bakuli mna pete ya kukalia taa, nayo imeshikwa kwa springi na kwa skrubu za kurekebishia mwanga. Juu ya pete hiyo hukaa taa yenyewe, kisha pete nyembamba yenye skrubu tatu ndogo huishikilia isianguke. Nje ya yote huja pete ing'aayo, ambayo ndiyo tuionayo. Hii huangikwa kwa juu, kisha hubanwa kwa chini.

Sasa fundi ametia taa mpya, na pete ya nje haitaki kuingia, au imeingia upande mmoja na upande wa pili imeacha mwanya. Wengi hapo hushika nyundo, au huigonga kwa ngumi. Pete hupindika, rangi hubanduka, na taa bado haikukaa. Kumbe pete ya nje ni shahidi tu. Yasimulia habari za mambo yaliyo nyuma yake. Kosa laonekana mbele, lakini limejificha nyuma. Itoe taa, ukatafute sababu moja baada ya moja.

Kwanza, tazama vijino. Nyuma ya ukingo wa taa mna vijino vitatu, na katika pete ya kukalia mna nafasi tatu za kuvipokea. Taa ikizungushwa kidogo tu, vijino havitaingia katika nafasi zake, na taa itasimama juu yake kama meza iliyowekewa jiwe chini ya mguu mmoja.

Pili, tazama nyuma. Taa nyingi za siku hizi zina globu ya kutolewa, iitwayo H4, yenye nyuzi mbili, mmoja wa mwanga wa juu na mmoja wa mwanga wa chini. Globu hiyo, pamoja na kofia yake ya mpira na plagi ya waya tatu, yaweza kufika nyuma zaidi kuliko taa ya asili. Globu za LED zenye vyuma vya kupozea joto huwa ndefu zaidi. Ukitaka kujua kama zinagusa bakuli, bandika kidonge cha udongo laini nyuma ya plagi, uitie taa taratibu, kisha uitoe. Udongo ukiwa umebonyezwa hata kuwa bapa, umepata jibu lako. Labda waya tu ndizo zilizojikunja, zipange upya. Lakini globu ikiwa ndefu kupita kiasi, tafuta taa nyingine.

Tatu, tazama skrubu za kurekebishia. Ya juu hupandisha na kushusha mwanga. Ya ubavuni huupeleka kushoto na kulia. Moja ikilegezwa mno, taa hujitokeza upande huo. Anza kwa kuzikaza kwa kadiri moja, kisha urekebishe kidogo kidogo.

Nne, tazama mpira wa kuzuia maji na usafi wa bakuli. Mpira uliokunjamana, tope lililorushwa na gurudumu, au kutu iliyovimba chini ya rangi, vyatosha kuisukuma taa nje. Safisha, na pete ikiwa imeliwa na kutu, weka mpya.

Taa ikiisha kukaa, kazi haijaisha. Katika Uingereza, kama katika Kenya, Tanzania na Uganda, magari hupita upande wa kushoto wa barabara. Kwa hiyo taa huundwa hata mwanga wa chini uinuke kidogo kuelekea kushoto. Taa iliyoundwa kwa nchi zinazopita kulia, kama Ufaransa, Rwanda na Burundi, huinua mwanga kuelekea kulia, machoni pa anayekuja. Taa ya namna hiyo yaweza kukaa vizuri kabisa katika bakuli lake, na bado ikawa ya hatari.

Mwisho, pima. Simamisha motokaa mahali palipo sawa, ikabili ukuta kwa umbali wa mita 7 au 8. Pima urefu toka chini hata katikati ya taa, ukaandike alama ya chaki ukutani kwa urefu huo huo. Washa mwanga wa chini. Ukingo wake wa juu na uwe chini kidogo ya alama, na taa zote mbili zikubaliane.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mpita njia ataona pete mbili zing'aazo, zimekaa sawasawa, asijue taabu iliyo nyuma yake. Lakini dereva atakayekutana nawe katika giza, akapita salama asifumbe macho, huyo ndiye aliyepata faida ya kazi yako. Kwaherini.