Mlio wa Baiskeli katika Mlima Sekenke

Dominika ya 8 ya Mwaka C
Masomo: YbS 27:4-7, 1 Kor 15:54-58, Lk 6:39-45



Wapendwa wasikilizaji, masomo ya Dominika ya leo yanatuwekea mbele ya macho vyombo vya nyumbani na vya kazi. Yoshua bin Sira anataja chekeche linalotikiswa likabakiza takataka, na tanuri linalopima vyungu vya mfinyanzi. Bwana wetu Yesu Kristo anataja kibanzi na boriti, vitu ambavyo kila aliyelelewa katika nyumba ya seremala alivifahamu vizuri. Basi nasi tusione haya kuchukua chombo kimoja cha kazi, kinachojulikana na kila katekista wa vijijini, kitusaidie kulielewa Neno la Mungu. Chombo hicho ni baiskeli. Tena baiskeli inayolia, na mwenyewe hajui inalia wapi.

Twende kwa mawazo hadi Sekenke, wilayani Iramba, mkoani Singida. Mahali hapo panajua maana ya kupimwa. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu ya Sekenke mwaka 1909, na mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora ikapigwa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Mchimbaji wa Sekenke anajua kwamba jiwe halisemi lina nini mpaka lipondwe na kuoshwa. Na msafiri wa Sekenke anajua kipimo kingine: mlima wenyewe. Barabara itokayo Singida huteremka pale kuelekea Shelui na mbuga za Wembere. Anayerudi kutoka Shelui hana budi kuupanda mlima huo, huku malori yakinguruma kando yake.

Siku hizi pikipiki zimekuwa nyingi. Hata hivyo baiskeli haijaondoka. Tumfikirie, basi, katekista mmoja mwenye baiskeli kuukuu ya chuma, nyeusi, kama zile za Phoenix zitokazo China. Kwenye tambarare baiskeli yake ni kimya. Lakini akifunga gunia la alizeti kwenye keria na kuanza kupanda, inalia: kwi, kwi, kwi. Anasimama, anaitazama, haoni kitu. Anapanda tena; inalia tena. Akiwa juu ya kiti, masikio yake yanamwambia kwamba mlio unatoka nyuma, kwenye gurudumu. Anakaza nati za gurudumu. Mlio upo. Anatia mafuta kwenye mnyororo. Kwa siku tatu kuna kimya, na siku ya nne mlio unarudi. Anakwenda kununua kiti kipya. Fedha imekwisha, na baiskeli bado inalia.

Wapendwa, kwa nini masikio ya mtu huyu yanamdanganya? Sababu yake si uchawi. Fremu ya baiskeli ni mabomba ya chuma yaliyounganishwa. Sauti hukimbia ndani ya chuma zaidi ya mara 10 ya mwendo wake hewani. Mlio ukizaliwa karibu na pedeli, mara moja huenea katika fremu yote, hadi kwenye usukani na kiti. Hivyo mahali unaposikika sipo mahali unapotoka.

Sasa tumtazame fundi mwenye busara, yule anayekaa chini ya mti na boksi lake la spana. Huyu haanzi kwa kufungua baiskeli. Kwanza anamwuliza mwenyewe: "Ndugu yangu, mzigo wako umeufungaje? Kiatu chako hakigusi mkono wa pedeli?" Maana mara nyingi kinacholia si baiskeli hata kidogo; ni kamba ya mzigo, ni ndoo iliyoning'inizwa, ni kiatu cha mpandaji mwenyewe.

Akiona hayo yako salama, anamwambia: "Panda, kisha jiinue kidogo, usikae." Mlio ukinyamaza, kosa liko kwenye kiti na springi zake. Usiponyamaza, anasema: "Sasa teremka bila kukanyaga pedeli." Mlio ukiendelea, kosa litafutwe kwenye magurudumu au madigadi. Ukinyamaza, kosa liko pale miguu inapofanya kazi. Kisha anasikiliza hesabu yake. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya namna hii huzunguka zaidi ya mara 2 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Mlio ukija mara moja tu kwa kila mzunguko wa pedeli, gurudumu halina hatia. Mwisho anashika breki, anakanyaga pedeli moja kwa nguvu, halafu nyingine, huku ameweka kidole kwenye maungio. Na hapo kidole kinahisi kile ambacho sikio halikuweza kukiona.

Ni pini. Pini fupi ya chuma, iliyochongwa upande mmoja kama kabari, inayoshikilia mkono wa pedeli kwenye ekseli yake. Imelegea kwa unene wa unywele. Kwenye tambarare hakuna anayejua. Mlimani, uzito wote wa mtu na wa gunia unapoangukia pini hiyo, chuma kinasuguana na chuma, nacho kinalia. Dawa yake ni kuigongomea pini vizuri na kukaza nati yake, au kutia pini mpya kama ya zamani imelika. Lakini ikiachwa, tundu la mkono wa pedeli linapanuka, na ekseli inalika; hapo pini mpya peke yake haisaidii tena. Tena siku moja, katikati ya mlima, mkono wa pedeli unateleza ghafula chini ya uzito wa mpandaji, naye anaanguka barabarani mbele ya lori. Mlio ule uliomchosha ulikuwa unamwonya asifike huko.

Ndugu zangu, hapa tuna mafundisho manne kwa maisha yetu ya Kikristo.

Kwanza, tusiuchukie mlio. Bwana wetu anatufundisha leo kwamba kinywa husema yale yanayoujaza moyo. Hasira inayokuja bila sababu, neno kali kwa mtoto, uchungu unapomwona jirani akifanikiwa: hayo ni milio. Nayo husikika hasa siku za mzigo: mavuno yakiwa haba, ugonjwa ukiingia nyumbani, madeni yakibana. Wengi wetu husema, "Mimi ni mtu mpole, ila shida zimenibadilisha." Yoshua bin Sira anatujibu vingine. Chekeche haliumbi takataka, linazionyesha. Mlima Sekenke haukuilegeza pini kwa siku ile moja, umeifunua tu.

Pili, tusiamini haraka mahali mlio unaposikika. Katika nyumba moja, mume na mke wanagombana kila jioni juu ya chumvi ya mboga. Je, kosa ni chumvi? Pengine mume aliuza alizeti akaficha sehemu ya fedha, na mke amehisi jambo ila hana pa kulisemea, basi analisemea jikoni. Wakibadilisha chumvi, watagombana juu ya maji. Katika jumuiya ndogondogo nyingine, watu wamekataa kuja kusali, nao wanasema wimbo unaanzishwa vibaya. Ukichunguza kwa upole, utakuta mchango wa msiba uliokusanywa mwaka uliopita haukusomewa hesabu. Kubadilisha mwimbishaji ni kununua kiti kipya kwa sababu pini imelegea.

Tatu, mafuta hayakazi pini. Yako mafuta tunayoyapenda sana: maneno matamu, kukumbatiana mbele ya watu, soda ya upatanisho. Hayo si mabaya, kama vile mafuta ya mnyororo si mabaya. Lakini yakimwagwa juu ya kosa lisilotajwa, hunyamazisha siku tatu tu. Tena fundi anajua kwamba mafuta mengi hukusanya vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta husaga chuma. Ndivyo ilivyo amani ya uongo: kila siku inakusanya vumbi jipya. Kukaza pini maana yake ni kulitaja kosa kwa jina lake, kurudisha kilichochukuliwa, kusoma hesabu, kuomba msamaha kwa mtu aliyeumizwa, na kwenda kuungama bila kumzungushazungusha padre.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuufuate utaratibu wa Bwana. Yesu hakukataza kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu. Kibanzi huumiza, na ni upendo kumsaidia mwenye nacho. Yeye aliweka tu mpangilio: kwanza boriti yangu, ndipo nitakapoona vizuri. Fundi wetu alianza na nani? Alianza na mpandaji: mzigo wake, kiatu chake, uzito wake juu ya kiti. Nawe mzazi, kabla ya kumpeleka mtoto kwa wazee kwa sababu ya ukaidi, uliza kwanza amejifunza wapi kupaza sauti. Nawe katekista, kabla ya kuandika majina ya waliolegea, uliza kama mlango wako uko wazi kwao. Nasi mapadre tusijitoe katika hesabu hiyo, maana kipofu hawezi kumwongoza kipofu, hata akiwa amevaa kanzu nyeupe.

Labda mmoja wenu anauliza: "Padre, nami nimejichunguza, wala sioni kitu." Ndugu, hilo si ajabu. Aliye juu ya kiti ndiye anayesikia vibaya kuliko wote. Kwa hiyo fundi mara nyingine humwambia mwenzake: "Wewe panda taratibu, mimi nitatembea kando nikisikiliza." Kila Mkristo anahitaji mtu wa kutembea kando yake. Awe ni mke au mume, awe ni msimamizi wa ubatizo, awe ni mzee wa jumuiya asiyependa umbea. Mwombe kwa unyenyekevu: "Unaponisikia, nalia wapi?" Akikujibu, usimkasirikie. Nawe unayetembea kando, sema ulichosikia kwa mwenye baiskeli, usikipeleke sokoni. Wala usifungue baiskeli nzima ya mwenzako kwa ajili ya pini moja.

Basi, wapendwa wasikilizaji, wiki hii tufanye jambo moja dogo. Kila mmoja achague mlio mmoja tu wa maisha yake, ule unaorudi kila mara mzigo unapozidi. Asiutie mafuta. Asimshitaki jirani. Jioni, kabla ya kulala, amwombe Roho Mtakatifu amwonyeshe unapotoka, kisha afuate hatua kwa hatua, kwa subira, akianza na nafsi yake. Akiipata pini, aikaze siku hiyohiyo, kabla tundu halijapanuka.

Mtume Paulo anatutia moyo katika somo la pili tusimame imara, tukijua kwamba taabu yetu katika Bwana haiendi bure. Nanyi makatekista mnaokwenda vigangoni kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa miguu, mlima mnaoupanda Mungu anauona. Afadhali mchelewe kidogo chini ya mti wa fundi, kuliko kuanguka katikati ya mlima pamoja na wale mliowabeba.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unayeijua mioyo yetu kuliko sisi wenyewe, utusikilize tunapolia bila kujua tunalia wapi. Utuonyeshe boriti yetu kwa upole, utupe nguvu ya kuitoa, na utufanye wasaidizi wema wa ndugu zetu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.