Mtindi wa Kupaka Mkate Huanza na Maziwa Yaliyochemshwa

Mada iliyotolewa na Afisa Mawasiliano wa Halmashauri ya Wilaya ya Biharamulo mbele ya wakazi wa Kata ya Nyakahura. Inachapishwa kwa ajili ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Naomba nianze kwa kueleza kwamba mimi si daktari wala mtaalamu wa mifugo. Kazi yangu ni kufikisha taarifa kati ya Halmashauri na ninyi wananchi. Nitakayoyasema kuhusu magonjwa ni maelekezo ya wataalamu wetu wa afya na mifugo. Nitakayoyasema kuhusu mapishi nimeyafanya jikoni kwangu, na mara ya kwanza niliharibu lita 3 za maziwa, kama nitakavyoeleza.

Ndugu wananchi, kila asubuhi katika vibanda vya chai vilivyo kando ya barabara kuu iendayo Rusumo, na katika nyumba zetu wenyewe, chai hunywewa kwa mkate, chapati, viazi vitamu au mihogo. Anayetaka kupaka kitu juu ya mkate hununua siagi ya kopo, na siku hizi wapo wanaonunua mayonezi. Fedha hiyo hutoka nyumbani ilhali msimu wa mvua, majani yanapokuwa mengi, maziwa ya jioni hukosa mnunuzi na kuharibika. Maziwa hayo yanaweza kuwa kitu laini, kizito na chenye uchachu wa kupendeza, kinachopakwa kama siagi. Nitakiita mtindi wa kupaka. Ni mtindi wetu tunaoufahamu, uliochujwa maji yake.

Wapo wanaopenda kutengeneza mayonezi nyumbani. Mayonezi hutengenezwa kwa mayai mabichi, mafuta na siki au limau. Yai bichi laweza kubeba vimelea vya salmonela, ambavyo huharisha na kuleta homa. Ndiyo maana mama mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa hawashauriwi kulila. Mtindi wa kupaka hutoa ladha inayokaribiana na hiyo pasipo yai bichi. Hata hivyo, nao una sharti lake moja, nalo ndilo kiini cha mada hii: maziwa lazima yachemshwe kabla ya kugandishwa.

Nilipokuwa nikiandaa mada hii, mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri. Sisi tumekua tukigandisha mabichi kwenye kibuyu, na tupo hai." Mama huyo alisema kweli kwa sehemu. Maziwa mabichi huganda yenyewe kwa sababu yana bakteria wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoleta uchachu na kuyagandisha. Tunapochemsha, tunawaua bakteria hao pia. Maziwa yaliyochemshwa hayakatai kuganda. Yanahitaji tu kurudishiwa mbegu. Hilo nitalieleza.

Kwa nini basi tujisumbue? Kwa sababu uchachu hauui kila kitu. Vimelea vya brusela, ambao kwa ng'ombe ni ugonjwa wa kutupa mimba, pamoja na vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe, vyaweza kuendelea kuishi ndani ya mtindi uliogandishwa kwa maziwa mabichi. Ng'ombe mwenye brusela aweza kuonekana mzima na kutoa maziwa yenye harufu na rangi ya kawaida. Kwa binadamu ugonjwa huo huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, maumivu ya viungo na mgongo. Kwa mama mjamzito waweza kuharibu mimba. Dalili hizo hufanana na za malaria, hivyo mgonjwa aweza kumeza dawa za malaria mara kadhaa bila nafuu. Tiba yake yapo, lakini huchukua wiki 6 au zaidi kwa dawa zaidi ya aina moja. Dakika chache za kuchemsha maziwa ni nafuu kuliko wiki hizo.

Sasa nieleze hatua za kufuata.

Kwanza, chuja lita 2 za maziwa mapya, uyaweke katika sufuria safi. Chemsha mpaka yapande. Yakipanda usiepue mara moja. Punguza moto, koroga, uyaache yaendelee kuchemka kwa dakika 5. Viwandani maziwa husafishwa kwa nyuzi joto 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15, lakini hupimwa kwa kipimajoto. Sisi tusio nacho tuchemshe.

Pili, acha yapoe yakiwa yamefunikwa. Hapa ndipo nilipokosea. Nilitia mbegu maziwa yakiwa bado ya moto, nikaiua, na asubuhi nikakuta maziwa hayajaganda na yana harufu mbaya. Dondoshea tone moja ndani ya kifundo cha mkono wako. Likiwa vuguvugu, lisiloumiza, maziwa yako tayari.

Tatu, tia mbegu. Mbegu ni vijiko 4 vya mezani vya mtindi, na mtindi huo nao uwe umetokana na maziwa yaliyochemshwa. Ukitia mtindi wa maziwa mabichi, umerudisha vimelea ulivyokwisha kuviua. Kwa mara ya kwanza, nunua mtindi wa kiwandani usio na sukari wala ladha ya matunda, uliohifadhiwa kwenye ubaridi. Baada ya hapo, tenga vijiko vichache vya mtindi wako kwa ajili ya awamu inayofuata. Usitumie kibuyu wala kata iliyokwisha kushika maziwa mabichi.

Nne, funika na uache kwa saa 12 hadi 18 bila kutikisa. Wakati wa baridi, viringisha chombo kwa blanketi.

Tano, chukua kitambaa cheupe cha pamba, ukichemshe kwenye maji na kukikamua. Mimina mtindi ndani yake, funga ncha, kisha ning'iniza juu ya sufuria kwa saa 8 hivi, mahali penye ubaridi pasipofikiwa na nzi. Kitakachobaki ndani ya kitambaa ni mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko. Lita 2 hutoa takriban kati ya nusu kilo na robo tatu ya kilo, kutegemea mafuta ya maziwa na muda wa kuchuja. Maji yaliyodondoka msiyamwage. Yana madini na vitamini, nayo hufaa kupikia uji au kukandia unga wa chapati.

Sita, kwa nusu kilo ya mtindi huo changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi na maji ya nusu ndimu. Anayependa aongeze karoti iliyokwaruzwa, hoho au majani ya kitunguu yaliyooshwa kwa maji safi na salama. Mboga hizo ziwekwe tu kwenye kiasi kitakachoisha siku hiyo, kwa kuwa huharakisha kuharibika. Asiye na jokofu atengeneze kidogo na kukimaliza siku hiyohiyo. Kwenye jokofu, mtindi usio na mboga hukaa siku 4 hadi 5. Ukiona ukungu, rangi ya waridi au mapovu, tupa wote, usikwangue juu tu.

Kwa watoto, niwakumbushe kwamba aliye chini ya miezi 6 ni wa maziwa ya mama pekee. Na kwa kaya isiyo na ng'ombe, parachichi lililoiva, likapondwa na kutiwa ndimu na chumvi kidogo, ni laini na lina uchachu vilevile. Ndimu hulizuia pia kugeuka jeusi upesi.

Ndugu wananchi, zipo huduma za Serikali zinazohusiana na jambo hili, nazo ni haki yenu kuzitumia. Ng'ombe akitupa mimba, hasa katika miezi ya mwisho, toeni taarifa kwa Afisa Mifugo wa kata, na msishike kilichotoka kwa mikono mitupu. Mwenye homa inayojirudia, ambaye kipimo hakionyeshi malaria, aende kituo cha kutolea huduma za afya na amwambie mhudumu bila kuona haya kwamba amekuwa akinywa maziwa mabichi au kuhudumia ng'ombe waliotupa mimba. Taarifa hiyo fupi yaweza kumwelekeza mhudumu kwenye kipimo sahihi.

Kwa vikundi vinavyofikiria biashara, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye mahali pa kuanzia kuhusu mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Anayetaka kufungasha na kuuza madukani ajue kwamba usalama wa chakula husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kwamba SIDO, yenye ofisi ya mkoa Bukoba, huwasaidia wajasiriamali wadogo kwa ushauri na mafunzo. Msianze kwa kununua vifungashio. Anzeni kwa kuhakikisha kwamba kila mwanakikundi anachemsha maziwa yake, kwa sababu mmoja asiyechemsha huharibu ndoo nzima ya wenzake.

Yule mama aliyeniuliza nilimpelekea bakuli moja. Alionja, akanyamaza kidogo, akasema uchachu wake ni mdogo kuliko wa kibuyu. Nikamweleza kwamba akiuacha ugande saa chache zaidi, uchachu utaongezeka. Aliniomba vijiko vinne vya mbegu.

Mtindi ulio katika sahani hizi mezani nimeuandaa kwa hatua nilizozieleza. Mkate na viazi vitamu vipo. Karibuni muonje, kisha tuulizane maswali.