Rafu Tupu na Notisi ya Mwezi Mmoja

Kampuni ya rejareja ikitangaza kwamba inajipanga upya, keshia hahitaji kamusi. Waliokuwa wakipanga bidhaa katika maduka makubwa ya Nakumatt nchini Kenya mwaka 2017 waliziona rafu zikipungukiwa na bidhaa, sabuni ya aina moja ikitandazwa ukuta mzima ili pengo lisionekane. Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe, madeni yakiwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Kwenye foleni ya wadai, pamoja na benki na wasambazaji, alikuwamo mfanyakazi. Naye ni mkopeshaji, msikilizaji: hutoa jasho la mwezi mzima kwanza, ndipo alipwe. Ila benki hukopesha kwa dhamana, tena hudai kuona vitabu vya hesabu. Yeye hukopesha kwa imani tu.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikumsahau. Kazi yake ikifutwa kwa kupunguza wafanyakazi, kifungu cha 40 kinataka apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Mwenye miaka 10 kazini anadai siku 150, na hizo si haba. Lakini notisi huja uamuzi ukishapita, na duka lililopanga jengo na kujaza bidhaa za mkopo likianguka, cha kugawana ni nini? Troli na majokofu. Ndiyo maana nashikilia kwamba chama cha wafanyakazi kipewe hesabu zilezile zinazopelekwa benki, na kipewe siku hiyohiyo.

Wenye maduka watajibu kwamba habari ikivuja wasambazaji watakimbia, na duka life kabla ya siku zake. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wasambazaji wangekuwa hawajui. Wao ndio wasiolipwa, na mteja hutangaziwa na rafu. Anayeachwa gizani ni yule anayefungua duka kila asubuhi asijue kama huu ni ukame wa mwezi mmoja au ndio mwisho, huku nafasi ya kazi kwingine ikimpita. Wengine watasema kazi hazikupotea, zilihamia kwa washindani: Naivas ilinunua matawi sita ya mwisho ya Nakumatt, na Carrefour na Quickmart zikapanuka. Ni kweli. Lakini miaka ya utumishi haihami pamoja na tawi. Anayeajiriwa upya huanza na sifuri, na siku zake 15 za kwanza atazisubiri hadi atimize mwaka.